Ribiti Ishirini na Mbili

Jeneza la mtaa wetu, hapa Langoni,
lilipiga kelele Ijumaa ile: kriii,
mpini wa kushoto, mbele za watu wote,
na marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mwembamba.
Kesho yake wakaniletea karakana.

Nikalipindua. Chini mbao za mbambakofi, bado nzima.
Juu bati la aluminiamu, na misumari ya zamani
imeliwa na chumvi, imekuwa unga wa tangawizi.
"Gundi," akasema Famau wa kamati. Nikanyamaza.
"Skurubu, basi." Skurubu hujifungua,
kila hatua ya mchukuzi huizungusha kidogo
mpaka siku moja, kriii.

Koleo langu la ribiti lilivunjika jino tangu Shaabani.
Na zile ribiti nene za kufua
zataka mtu wa pili akinge nyuma kwa chuma,
na nyuma ya mpini huu kumezibwa, mkono haupiti.
Nikashusha kopo la maziwa ya unga.
Ndani: ribiti za nyundo. Kila moja
kichwa cha kifungo, mwili mtupu kama mrija,
na pini imechomoza juu
kama ulimi wa mtoto anayekudhihaki.

"Ndoo, Shekuwe. Mato hapa."
Bati mbili, ubao kumi na mbili: milimita kumi na nne.
Fupi haitafika kufungua maguu.
Ndefu itayafungulia mbali, iache pengo, icheze.
Kijana akachota zile zinazong'aa zaidi.
Nikampa sumaku ya spika iliyokufa:
pini zote zikairukia. Chuma tupu.
Jeneza huoshwa, mwanangu, na hewa yetu ina chumvi;
tafuta zisizoijali sumaku.
Akatafuta hadi adhana ya alasiri. Ishirini na tatu.

Keekee. Tundu liupite mwili wa ribiti kwa unywele,
si zaidi ya unywele. Pangusa chenga za bati,
bana, tia, kichwa kikae kabisa
ndipo uinue nyundo.
Tek. Tek.
Du.
Sauti ikiwa nene, acha. Pini imelala sawa na kichwa
na kule gizani, usikokuona,
maguu manne yamefunguka, yameshika.
Kazi yangu yote ni kukuamini kule.

Moja Shekuwe aliipiga mshazari, pini ikapinda.
Tukaichimbua, tukaanza upya.

Kulijaribu, nani alale? Famau akatazama mlango.
Tukalaza mifuko miwili ya saruji,
tukaifunika shuka, vumbi lisitupofushe
(hapo ndipo nilipokosea),
tukatoka wanne kichochoroni.

Muuza mahamri akaacha karai lake, akaweka bega.
Kinyozi akatoka, na mteja wake nyuma,
povu shavu moja.
Punda wa Bunu akabanwa ukutani, yeye na matofali yake.
Dirishani Bi Mwanashee: "Mefa nani?"
Nikafungua mdomo. Begani kwangu mpini umetulia, kimya,
na nyuma yangu watu kumi na saba
hawakuuliza, wanapokezana,
kila mmoja hatua zake saba
chini ya kilo mia za saruji.

Sikusema. Tulifika hadi kona ya msikiti
ndipo Famau akacheka, kisha akafuta macho.
Kinyozi alinitukana vizuri sana.

Jeneza limerudi mahali pake, limeegemea ukuta.
Ile pini iliyopinda naitembeza mfukoni.
Usiku mlango ukibishwa
naibonyeza kwa kidole: ishirini na mbili, ishirini na mbili.
Siku hiyo nitausikiliza mpini wa kushoto
kabla sijasikia ni nani.